Jazz ya Chuo Kikuu: Mwalimu Asifunike Mwanafunzi

Kule Marekani, chuo cha North Texas kilianza kutoa diploma ya jazz mwaka 1947. Leo vikundi vidogo vya wanafunzi hupiga pamoja na profesa wao. Siye tunaipenda ile njia, juu inafanana na yetu: katika African Jazz ya Kabasele ao OK Jazz, kijana alijifunza kando ya mkubwa, kwa sikio. Lakini iko kasoro. Profesa akipiga solo ndefu, wanafunzi wanabakia kumsindikiza tu. Jackie McLean, kabla ya kuwa mwalimu Hartford, alirekodi na Miles Davis mwaka 1951, akiwa na miaka 20: mkubwa alimwachia nafasi. Basi, walimu, mumuache kijana akosee mbele ya watu. La sivyo, kesho atapiga paka sauti yenu.