Nani Anayeisoma Sheria? Mirathi, Eda na Dola katika "Barua Ndefu Kama Hii"

Utangulizi

Riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980, na sisi tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Kila inapojadiliwa miongoni mwetu wanafunzi, tunagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema mwandishi anaipiga vita sheria ya Kiislamu. Eti ujumbe wake ni kwamba dini ibaki msikitini na serikali ibaki ofisini. Kundi la pili linakubali kuwa ndiyo, anaipiga vita, na kwa sababu hiyo linamlaumu. Ajabu ni kwamba makundi haya yanayogombana yameisoma riwaya kwa namna moja. Kwa maoni yangu yote mawili yamekosea. Bâ haulizi kama sheria ya dini iwe na nafasi katika uendeshaji wa nchi au isiwe nayo. Anauliza: ikiwa nayo, nani anaisoma, na anaisoma kwa faida ya nani?

Mandhari ya kihistoria

Senegal ni nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya watu wake ni Waislamu, lakini katiba yake inatamka kuwa dola haina dini. Rais wake wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa Mkatoliki, naye aliongoza tangu 1960 hadi 1980. Ni chini yake ndipo Sheria ya Familia ilipopitishwa mwaka 1972. Sheria hiyo ilikuwa ya mseto. Ilipiga marufuku talaka ya mume kutamka tu, ikampeleka kila mtu mahakamani. Ilimtaka mume achague wakati wa kufunga ndoa: mke mmoja, mitala yenye kikomo, au mitala hadi wake wanne, asipochagua, ndoa inahesabiwa kuwa ya mitala. Katika urithi ikaacha mlango wazi kwa wale ambao mwenendo wao uligdhihirisha kuwa walitaka mali yao igawanywe Kiislamu.

Viongozi wengi wa dini hawakuridhika, na wapinzani wakaibandika jina la "sheria ya wanawake". Ugomvi haukuisha hapo. Mwaka 2002 kamati ya Kiislamu iliyoongozwa na wakili Babacar Niang ilianza kudai Waislamu wapewe sheria yao ya ndoa na urithi. Rais Abdoulaye Wade, naye Mwislamu, alilikataa dai hilo mwaka 2003. Kwa hiyo msimamo wa watu juu ya jambo hili hauwezi kupimwa kwa kuhesabu Waislamu. Walikuwapo waumini safi pande zote mbili.

Nasi tusijione tuko mbali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya mwaka 1971, mwaka mmoja tu kabla ya ile ya Senegal, na nayo ni mseto wa dini, mila na dola. Tofauti moja ni kubwa: huku kwetu mke wa kwanza anaweza kuweka pingamizi dhidi ya ndoa mpya ya mumewe. Kule uchaguzi ulikabidhiwa mume.

Wahusika na sheria zao

Tuwatazame sasa wahusika. Modou Fall, baada ya miaka mingi ya ndoa na watoto kumi na wawili, anamwoa Binetou, rafiki wa binti yake Daba. Mkewe anapataje habari? Siku yenyewe ya harusi wanakuja nyumbani wanaume watatu: Imamu, kaka wa mume aitwaye Tamsir, na rafiki wa mume, Mawdo. Habari inaletwa kwa lugha ya kudra, kana kwamba Modou hakuwa na hiari. Baada ya hapo Modou anahama moja kwa moja, hagawi siku wala matunzo. Ruhusa ya mitala katika Sura ya An-Nisaa imefungwa na sharti la uadilifu. Modou ameichukua ruhusa na sharti akaliacha njiani.

Ushahidi mkubwa zaidi unakuja baada ya kifo chake. Siku ya arobaini ya msiba ujumbe uleule unarudi. Tamsir anamtangazia shemeji yake kwamba akitoka eda atamwoa. Hapo wasomaji wengi husema: tazameni, ndiyo sheria ya Kiislamu hiyo! Hapana bwana, tusome vizuri. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Siku ya arobaini Ramatoulaye bado yumo ndani ya eda, na Sura ya Al-Baqara inaruhusu kudokeza tu katika muda huo, si kuposa waziwazi. Isitoshe, An-Nisaa inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Tamsir amevunja mambo mawili kwa kikao kimoja, na Imamu ameketi pembeni yake! Mwanamke anayepayuka na kumfukuza ndiye aliyesimama upande wa Kitabu.

Fani: barua kama mirathi

Hoja yangu inapata nguvu zaidi katika fani. Watu husifu matumizi ya barua, wakasahau kuwa barua hii imeandikwa ndani ya eda. Bila eda hakuna riwaya: ule utawa ndio unaompa Ramatoulaye muda wa kumwandikia Aissatou. Halafu liko neno "mirasse", ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa, maana ni mirathi yetu hii hii. Kabla ya warithi kupewa mafungu yao, madeni ya marehemu hulipwa. Kwa hiyo mambo yake lazima yafunuliwe. Ndipo zinapotoka siri za Modou: mikopo, na nyumba aliyoiweka rehani ili kuwafurahisha wakwe wapya. Ramatoulaye anaichukua kanuni hiyo ya mali na kuifanya kanuni ya usimulizi. Naye anafunua, lakini anayoyafunua ni ya moyoni. Mwandishi anayeichukia sheria hawezi kuifanya uti wa mgongo wa kazi yake.

Na dola je? Dola inaingia nyumbani mle kwa sura ya Daouda Dieng, mbunge na mchumba wa zamani. Katika mazungumzo yao Ramatoulaye anamkumbusha kwamba Bungeni wamo wanawake wanne tu katika wabunge mia. Tukio hili hupitwa haraka, kumbe lina uzito uleule wa lile la Tamsir. Kama wanaume ndio wanaoisoma Kurani sebuleni, na wanaume ndio wanaoandika sheria Bungeni, kumhamisha mwanamke kutoka kwa Imamu kwenda kwa mbunge ni kumbadilishia kiti tu.

Udhaifu

Hata hivyo riwaya ina upungufu. Ramatoulaye anajua kila kitu lakini haendi mahakamani. Miaka yote ya kutelekezwa anavumilia tu. Anayekwenda na karatasi za sheria mkononi kumtoa Mama Mkwe katika nyumba ni Daba, na Daba anapewa kurasa chache mno. Ningependa tumwone zaidi binti huyu, maana ndiye anayeshika mirathi kwa mkono mmoja na sheria ya serikali kwa mkono wa pili.

Hitimisho

Tuliyasikia maneno makali Kenya kabla ya kura ya maoni ya 2010 na kwetu katika Bunge Maalumu la Katiba la 2014, yote kuhusu Mahakama ya Kadhi. Waliotaka waliitetea imani yao, waliokataa waliitetea katiba. Sikusikia wengi wakiuliza habari za yule mjane atakayesimama mbele ya kadhi huyo, au mbele ya hakimu: je, atasikilizwa? Wako wanaosema hilo ni swali la wanasheria na sisi wa fasihi tuachane nalo. Mimi nasema mhusika wa riwaya ameliuliza tangu 1979, na jibu lake bado linadaiwa na pande zote mbili.