Kisa cha Kua na Suala la Kutengeneza Upya Sinema za Riwaya

Katika kisiwa cha Juani, kusini-mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia, yamesimama magofu ya mji wa Kua, ulioachwa ukiwa baada ya Wasakalava wa Bukini kuushambulia katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Mji huo una kisa ambacho wenyeji hawajakiacha. Yasimuliwa kwamba watu wa Kisimani, mji uliokuwa katika ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua katika sherehe ya kulishua; kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na jahazi likapitishwa juu yao kwenda majini. Watu wa Kua hawakulipiza siku ile. Walinyamaza miaka, hata jambo lilipodhaniwa kuwa limesahauliwa, nao wakaalika harusi. Wageni wa Kisimani walikaribishwa katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwaongelesha wageni. Na mlango ukazibwa kwa mawe, mzee naye akiwa ndani.

Masimulizi ya Mafia yaliyokusanywa na Amur Omar Saadi yalichapwa kwa Kiingereza katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, lakini uchapaji huo haukuwafunga midomo wasimulizi. Kisa cha namna hii hakina nakala moja iliyo kuu. Msimulizi aweza kurefusha karamu au kuifupisha. Aweza kuzidisha miaka ya kungoja au kuipunguza. Aweza kuwahurumia Wakisimani au kuwahukumu. Jambo moja tu hawezi kulifanya: hawezi kumtoa yule mzee chumbani. Akimtoa, kisasi chabaki kuwa hila ya kawaida. Mzee akibaki, msikilizaji hujua kwamba mwenye kulipa kisasi naye hulipa. Huo ndio mhimili wa kisa, na mengine yote ni kuta zinazoweza kubomolewa na kujengwa tena.

Mfano huu wa Mafia wafaa kuletwa mbele katika mjadala unaowashughulisha wapenzi wa vitabu na wa sinema kwa pamoja, yaani kama filamu za zamani zilizotokana na riwaya zipendwazo zistahili kutengenezwa upya. Wanaokataa husema kwamba filamu iliyokwisha kupendwa ni amana, na kuigusa ni kuivunja. Wanaokubali husema kwamba kila kizazi kina haki ya kuona kwa macho yake. Wa kwanza huwakumbusha wa pili kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wa pili hujibu kwamba kitu kisichoguswa huota kutu. Yote mawili yana kweli ndani yake, lakini pande zote mbili husahau jambo moja: filamu si riwaya. Filamu ni tafsiri ya riwaya, nayo yapasa kuhukumiwa kama tafsiri zinavyohukumiwa.

Katika tafsiri, Kiswahili kina ushahidi wake. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina lenyewe lilibadilishwa tahajia, likaandikwa lilivyotamkwa na Mswahili. Hakuna aliyesema kwamba Shakespeare amedhulumiwa kwa kutafsiriwa mara mbili, wala kwamba tafsiri ya kwanza imetukanwa na ya pili. Mfasiri alirudi kwenye asili, akaisoma tena, akasahihisha pale alipoona kwamba lugha yake mwenyewe ingeweza kusema vizuri zaidi. Hiyo ndiyo sababu iliyo halali ya kurudia kazi.

Sasa na itazamwe riwaya moja iliyorudiwa mara nyingi katika sinema, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua vema darasani. King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard ilitoka mwaka 1885. Frederick Johnson, aliyekuwa baadaye, mwaka 1930, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, aliifasiri kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, nayo ikachapwa mwaka 1929. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza humo namna ya kusimulia safari kwa Kiswahili sanifu kilichokuwa kikianza kusimama. Sinema zake mashuhuri ni tatu: ya Uingereza ya mwaka 1937, ambamo Paul Robeson, mwimbaji Mwamerika mweusi, aliigiza Umbopa; ya Marekani ya mwaka 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo; na ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe.

Katika kitabu, hakuna mwanamke wa Kizungu aendaye safari ile. Msimulizi mwenyewe anatangaza hivyo tangu mwanzo. Katika filamu ya 1937 aliingizwa binti anayemtafuta baba yake. Katika ile ya 1950 akawa mke anayemtafuta mumewe, ingawa kitabuni anayetafutwa ni ndugu wa Sir Henry Curtis. Katika ile ya 1985 akawa tena binti anayemtafuta baba, na safari nzima ikageuzwa karibu kuwa mzaha. Mabadiliko hayo peke yake si kosa, kwa kuwa mtengenezaji ana ruhusa ya kubomoa kuta. Lakini msomaji akiziweka filamu hizi kwa mfuatano, huona kwamba kila moja ilimtazama mtangulizi wake, au ilitazama desturi ya biashara ya sinema, kuliko ilivyokitazama kitabu. Hivyo ndivyo kivuli kinavyozaa kivuli.

Mhimili wa riwaya ile si almasi, wala si mapenzi ya jangwani. Ni Umbopa, mtumishi anayetembea nyuma ya wageni, kumbe ndiye mfalme wa haki wa nchi waiendeayo, mwenye alama ya nyoka mwilini mwake. Ahadi anayoitoa atakapotwaa ufalme, kwamba watu hawatauawa tena bila hukumu, ndiyo uzito wa kitabu. Ni kweli kwamba Haggard aliandika kwa macho ya dola la Kiingereza, na macho hayo hayawezi kusamehewa kila mahali. Lakini hiyo yenyewe ndiyo hoja ya kuitengeneza upya filamu hiyo: bado haijapatikana sinema mashuhuri ya kisa hicho iliyotazama safari kutoka nyuma, alipo Umbopa, na kumsemesha kwa lugha ambayo msomaji wa Johnson aliisikia kichwani mwake. Filamu tatu zilitolewa, na mlango huo haujafunguliwa.

Suala la lugha halipaswi kuwekwa mwisho, maana katika sinema lugha ndiyo ngozi ya mtu. Kitabu humwacha msomaji atamke mwenyewe, filamu humtamkia. Lafudhi iliyochaguliwa na mwigizaji huwa lafudhi ya mhusika daima, na watoto wasiokisoma kitabu hudhani kwamba ndivyo mwandishi alivyoandika. Watazamaji wa mabanda ya video walilitambua jambo hili kabla ya wataalamu. Watafsiri wa filamu kama Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walisema juu ya sauti ya picha za kigeni, wakafafanua, wakaongeza mzaha, wakawapa wageni wa mbali maneno ya mtaani. Wengine waliwacheka; lakini kazi yao ilionyesha wazi kwamba watazamaji hawakutosheka kuona tu, bali walitaka kusimuliwa.

Kwa mizani hiyohiyo yafaa kupimwa Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999, na filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Kitabu kina watu wengi na mizunguko mingi; filamu imechagua njia moja, ya Yasmini aliyemkimbia mume mzee na Denge aliyeitoa nafsi yake katika kupigania uhuru, Unguja ya miaka ya 1950. Wako wasomaji walionung'unika kwamba kipenzi chao fulani hakuonekana. Manung'uniko hayo yana haki yake, lakini hayatoshi kudai filamu ya pili. Mhimili umebaki: mapenzi ya watu wawili yanavutwa na kamba ileile inayovuta nchi. Wahusika wanasema Kiswahili, na mandhari ni yao. Tafsiri ya namna hii yapasa kuachwa ipumue. Ikifika siku ambapo kizazi kingine kitasoma riwaya na kukuta ndani yake jambo ambalo filamu haikuliona, hapo itakuwa imepatikana sababu; kwa sasa sababu haijapatikana.

Wala gharama haiwezi kusahauliwa. Msimulizi wa Kua huhitaji mkeka, taa na wasikilizaji. Mtengenezaji wa filamu huhitaji mali nyingi, na mali inayotumiwa kurudia kazi njema ni mali iliyonyimwa kazi nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni vitabu viwili tu katika rafu ndefu vyenye watu walio hai wanaostahili kupewa uso na sauti. Mwenye fedha chache hana budi kuitazama rafu hiyo kwanza.

Hata hivyo, hofu ya wale wanaokataa kila marudio yastahili kujibiwa kwa kurudi Mafia. Tuseme kisa cha Kua kikapigwa filamu, nayo ikafana sana, hata ikaonyeshwa Kilindoni na kila mahali. Hatari kubwa si kwamba baadaye atakuja mtu kuitengeneza upya. Hatari ni kwamba hatakuja mtu yeyote. Kwamba mtoto wa Juani, babu yake aanzapo kusimulia, atamkatiza na kusema kuwa sivyo ilivyokuwa katika filamu, na babu atanyamaza. Hapo nakala moja itakuwa imezika nyingine zote. Kisa kilichoishi kwa kusimuliwa na wengi huanza kufa siku kinapopata msimulizi mmoja asiyepingwa. Kwa hiyo kurudia, kunapofanywa kwa haki, hakuivunji amana bali huilinda.

Haki hiyo ina masharti matatu. Mtengenezaji arudi kwenye kitabu au kwa wasimulizi, asiifuate filamu iliyotangulia. Aujue mhimili na asiuguse. Na awape watu lugha yao. Atakayetimiza hayo asizuiwe kwa heshima ya filamu ya zamani, hata ikiwa njema kiasi gani. Asiyeyatimiza, na alitengeneze jambo lingine, amwache mzee wa Kua aendelee kuwaongelesha wageni wake.