Tonge na Mizani

Mwaka 2021 daktari aliandika namba mbili kwenye kadi yangu, 86 na 70, akaipigia mstari ile ya pili, akanirudishia kadi bila kusema neno. Ya kwanza ndiyo niliyokuwa nayo mwilini siku ile. Ya pili ndiyo aliyotaka niwe nayo, kwa kuwa urefu wangu hauzidi sentimita 168 na shinikizo la damu lilikuwa limekwisha kunibishia hodi. Kilo kumi na mbili za kwanza zilinitoka bila makuu. Niliacha soda, niliacha chapati za asubuhi, nikaanza kupanda barabara ya Boma kuelekea Morningside kila Jumamosi mpaka magoti yakazoea. Zile nne zilizobaki ndizo zilizonigeuza msomaji wa vitabu vya chakula, mimi niliyefundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na ndizo zinazonipa sababu ya kuandika kurasa hizi.

Vitabu viwili vilinijia karibu wakati mmoja. Kimoja ni cha daktari wa Marekani, Robert Atkins, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1972 na kuandikwa upya mwaka 1992. Nakala yangu ni ya toleo hilo la pili, kurasa zimelegea, nayo imetoka kwa rafiki niliyesoma naye ambaye sasa ni mkazi wa Dar es Salaam. Kingine si kitabu cha kusomwa kitandani. Ni majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na chuo cha afya ya jamii cha Harvard. Niliazimwa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mtafiti hapa mjini. Akaniambia, "Mwalimu, ukitaka kuhesabu, hesabia hapa. Vitabu vya wenzetu havijui ndizi za Kinole."

Ndugu msomaji, tofauti ya vitabu hivi ni tofauti ya njia mbili. Atkins anasema, achana na wanga na sukari, kula nyama, mayai na mafuta mpaka ushibe, na mwili utakula mafuta yake wenyewe. Majedwali hayasemi lolote. Yanakupa kalori za kila chakula na kukuachia kazi ya kujumlisha. Mtu mwenye kilo thelathini za kupunguza anaweza kuchukua njia yoyote, akakosea nusu ya siku zake, na bado mizani ikashuka. Mwenye kilo nne hana nafasi hiyo.

Nianze na Atkins, maana ndiye mwandishi hasa kati ya hao wawili. Anajua kubembeleza. Anakuita kando, anakuhakikishia kwamba unene wako si ulafi wala uvivu, anakuonyesha mgonjwa huyu na yule waliopona. Hoja yake ina mifupa: wanga hupandisha insulini, na insulini huhifadhi mafuta. Lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko yeye. Mwaka 1863 mtengeneza majeneza wa London, William Banting, mzee wa zaidi ya miaka sitini, alitoa kijitabu kwa gharama yake mwenyewe (kama hiki ulichoshika) akieleza jinsi alivyoacha mkate, sukari, bia na viazi, akapungua ratili 46 kwa muda wa mwaka hivi, yaani kama kilo 21. Banting naona ni mwandishi mwaminifu zaidi. Anasimulia kilichompata, hadai kwamba amegundua siri ya miili yote.

Shida ya Atkins kwangu ilianza pale alipotoa kipimo. Wiki mbili za mwanzo, wanga usizidi gramu 20 kwa siku. Nilichukua kalamu. Ndizi mbivu moja ya wastani ina wanga unaozidi hapo, kwa hiyo ndizi moja tu kutoka Kinole inafunga siku nzima kabla jua halijachomoza vizuri nyuma ya Uluguru. Unga wa mahindi, gramu 100, una wanga kama gramu 77, maana yake posho yangu ya siku ni kama gramu 25 za unga. Ukiusonga ni tonge mbili ndogo, zile anazopewa mtoto aliyeanza kula. Magimbi, mihogo, viazi vya Mgeta, wali wa Dakawa, vyote viko nje ya ua. Nikaenda Soko Kuu la Chifu Kingalu na karatasi yangu, nikasimama katikati ya mafungu, na nikaona kwamba daktari huyu amenifukuza kwenye robo tatu ya soko. Yaliyobaki, nyama na samaki na mayai, ndiyo mstaafu hununua akiwa ametazama kwanza tarehe.

Hata hivyo sitaki kumwonea. Sahani zetu nyingi hapa Morogoro ni mlima wa ugali na kijito cha mchuzi pembeni, na mtu anayekupa maharage zaidi na mchicha zaidi na kukupunguzia huo mlima anakutendea wema, awe ametumwa na Atkins au na bibi yako. Miaka hii Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alisikika kila mahali akiwahimiza Watanzania wapunguze wingi wa chakula na sukari. Watu wakamfanyia utani. Ukikaa stendi ya Msamvu na sahani ya wali, jirani hakosi kukuuliza kama profesa amekuruhusu. Mimi nauelewa utani huo. Ni jibu la watu ambao baba zao walihesabu shibe kuwa ushindi.

Lakini ushauri, ukishatoka kinywani mwa mtaalamu, husafiri haraka kuliko masharti yake. Shemeji yangu alikuwa na kisukari na alikuwa akimeza vidonge vya kushusha sukari. Mwaka 2019 alisikia habari za kuacha wanga kutoka kwa abiria mwenzake ndani ya basi. Hakusoma Atkins wala mtu mwingine yeyote. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe asimpakulie ugali tena, na akaendelea na vidonge vyake kwa kipimo kilekile. Siku ya tatu alianguka njiani kuelekea Bigwa, jasho likimtoka kama aliyemwagiwa maji, akiongea maneno yasiyoshikana. Vijana wa bodaboda walidhani amelewa. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyeng'amua, akamnywesha chai yenye sukari nyingi kidogo kidogo, na baada ya muda akauliza yuko wapi. Vidonge vya aina ile hushusha sukari hata kama hujala. Ukiondoa wanga bila daktari kupunguza dawa, sukari inaporomoka. Yule abiria wa basi hakulisema hilo, na sidhani kama alilijua. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia ameacha ugali, swali langu la kwanza ni dawa anazomeza.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye kilo chache za mwisho anapaswa kulijua kabla hajashangilia. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu kama tatu za maji. Ukikata wanga, akiba inakwisha na maji yanaondoka nayo. Niliijaribu njia hii wiki moja na nusu. Mizani ilitoka 74 hadi 72, nikajiona mshindi, nikamwonyesha mama watoto. Jumamosi ikaja harusi Kihonda, nikala pilau kama watu wengine, na Jumatatu mizani ikasoma 74 kasoro kidogo. Sikuwa nimenenepa kwa pilau, wala sikuwa nimekonda kwa mayai. Nilikuwa nimekojoa kilo mbili, kisha nimezinywa tena.

Sasa majedwali. Kama kazi ya elimu ni kazi ya heshima, na nilipoyafungua nilijisikia kama mtu aliyekuta jina la kijiji chake kwenye ramani. Ugali umo, na mboga zetu zimo. Lawama yangu ya kwanza ni lugha. Yameandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya watafiti, ilhali anayeshika mwiko katika nyumba yangu angetaka kuyasoma kwa Kiswahili. Lawama ya pili si yao, ni ya jiko letu. Jedwali linataka gramu. Sisi tunanunua kwa sado, kwa kopo na kwa fungu, tunapika kwa kukadiria, na tunakula kutoka bakuli moja. Ugali mgumu na ugali mlaini hauna kalori sawa kwa tonge moja, maana tofauti ni maji.

Nilipiga hesabu ambayo ningempa mwanafunzi wa darasa la saba. Kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kuwa na kalori kama 7,700. Kilo nne ni 30,800. Nikitaka ziondoke kwa miezi minne, yaani siku 120, nipunguze kalori kama 257 kila siku, na hapo nasahau kwamba mwili ukipungua huanza kubana matumizi. Basi 257 ni nini? Kijiko cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Vijiko viwili tu vya mafuta ambavyo mpishi hakuviona, na siku yangu nzima ya kujinyima imefutwa. Nikaelewa kwa nini miezi sita nilihesabu tonge kwa uaminifu na mizani haikusogea. Nilikuwa nahesabu kile kinachoonekana.

Jioni moja nilileta ile mizani ndogo ya keki jikoni na kijiko.

"Mwalimu, unapima nini?" mama watoto akauliza.

"Mafuta, mama."

"Mafuta ya mchicha huu nimeyapima miaka arobaini."

"Kwa nini?"

"Kwa jicho."

Tulimimina kama anavyomimina siku zote, kisha tukapima. Vilikuwa vijiko saba kwa sufuria la watu wanne. Hakusema kitu. Akafunika sufuria, akatoka nje kuita kuku, na mimi nikabaki na kijiko changu nikijua kwamba nimemwonyesha kosa mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kunilaza njaa. Hilo nalo jedwali haliwezi kulipima.

Watafiti wamezishindanisha njia za namna hii. Mwaka 2009 ilitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa watu 811 waliopewa milo minne, wanga ukianzia asilimia 65 hadi 35, wote wakipunguziwa kalori. Baada ya miaka miwili walikuwa wamepungua karibu sawasawa. Asilimia 35 si Atkins, nakubali. Lakini mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford na wenzake walilinganisha watu 609 kwa miezi kumi na miwili, wengine wakipunguza wanga na wengine mafuta. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Katika ule utafiti wa 2009 kilichonivutia zaidi ni kwamba waliohudhuria vikao vya ushauri kwa bidii ndio waliopungua zaidi. Yaani mtu kuwa na mahali pa kwenda kusema wiki hii nimeshindwa.

Kwa hiyo mimi nimechagua hesabu, ila si hesabu ya kila kitu. Sihesabu ugali tena, nimepunguza tu sahani. Nahesabu mafuta na sukari, vitu viwili ambavyo kijiko kinavishika vizuri, na mengine namwachia Mungu na mchicha. Nilimkataa Atkins kwa sababu ya misiba zaidi kuliko sayansi. Mlugulu akifiwa, ukaenda kumpa pole, ukaletewa sahani, huwezi kumwambia kwamba wewe siku hizi huli wanga. Unaweza kula nusu, na hakuna atakayekuuliza. Njia inayoniruhusu kula nusu ninaiweza hata uzeeni. Ile inayonitaka nikatae sahani ingenifanya mgeni katika mji wangu.

Mama watoto naye hakulizungumza tena jambo la kijiko. Ila wiki iliyofuata niliona kimefungwa kamba na kuning'inizwa kwenye msumari juu ya chupa ya mafuta, na mchicha ukaanza kuja na ladha ya nyanya na karanga chache zilizotwangwa, ambazo nazo zina kalori zake, nami sikutaka kuzitaja. Jumamosi iliyopita nilipanda tena barabara ya Boma. Akina mama walikuwa wakishuka kutoka Choma na mizigo ya ndizi kichwani, wakipishana nami bila kupunguza mwendo, mmoja akiwa anamenya ndizi huku akitembea. Jumapili asubuhi mizani ilisoma 72. Safari hii pilau ya harusi imepita katikati, na bado ni 72.