Neno "Boda" na Kiambishi Chake

Msomaji, ukisimama kando ya njia iendayo Kalama, kusini mwa mji wa Machakos, waweza kumsikia mtu akisema, "Boda imeharibika," na mwenziwe akajibu, "Ndiyo sababu boda amekuja kwa miguu." Neno ni moja, maana ni mbili, wala hakuna anayeduwaa.

Neno hili ni kipande tu. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Katika miaka ya 1960 na 1970, huko Busia na Malaba, waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, wakiwaita abiria, "Boda-boda!" Baadaye baiskeli ikaipisha pikipiki, na nusu ya neno ikaanguka njiani.

Wako wanaokilaumu kifupisho hiki kuwa ni uvivu wa vijana. Lawama hiyo siikubali. Mchuuzi wa Busia akisema, "Boda imefungwa," asema habari za mpaka. Mkulima wa Kalama mwenye maembe ya kupeleka sokoni akisema, "Boda imefika," ataja chombo. Akisema, "Boda amefika," ataja mwendeshaji. Naye kijana asemaye, "Nafanya boda," ataja kazi impayo riziki. Mara nyingi ni kiambishi peke yake kinachotutenganishia maana hizi, na pale kisipotosha (maana boda ya mpaka na boda ya pikipiki zote huchukua "i-"), biashara ya msemaji hutusaidia. Basi sarufi haikutupwa. Imebebeshwa mzigo mkubwa zaidi!

Hata hivyo, liko kosa moja ambalo sharti tulikemee. Ajali za pikipiki ni nyingi, hata katika baadhi ya hospitali za Kenya na Uganda watu wameipa wadi ya majeruhi wake jina la wadi ya boda. Sasa fikiri mtu asemapo, "Boda mbili zimeletwa usiku." Je, ni vyuma vilivyolazwa kitandani? Hatusemi, "Askari mbili zimeumia," wala, "Dereva mbili zimekufa." Kwa nini basi mwendeshaji wa pikipiki, mwenye mama na jina, anyimwe "wa-" apewe "zi-" ya mashine yake?

Leo jioni, habari ya ajali itakaposimuliwa nyumbani kwenu, sikiliza kwa makini uandike daftarini kiambishi ulichokisikia.