Nira Nzuri Huanzia Shingoni mwa Ng'ombe

Simiyu ni mkoa wa pamba, na mashamba mengi ya pamba bado hulimwa kwa maksai. Ndiyo maana fundi wa nira katika mji kama Bariadi, na mitaa yake kama Somanda, anastahili kutazamwa kwa makini na kila anayesomea ubunifu wa bidhaa.

Nira huonekana kitu chepesi: boriti moja ya mti na vijiti vinne vya kushika shingo. Lakini fundi haanzi na mti. Huanza kwa kuuliza: ni nira ya kulimia au ya kupalilia? Ya kulimia huwa fupi, maana ng'ombe hutembea karibu karibu. Wakati wa palizi, jembe hupita katikati ya mistari miwili, na kila ng'ombe hushika njia yake, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kwa hiyo umbali kati ya shingo na shingo lazima uwe mara mbili ya nafasi ya mistari. Penye mistari ya sentimita 90, fundi hupima 180. Wakulima walipohimizwa kubana mistari hadi sentimita 60, kipimo kikashuka hadi 120. Nira isiyofuata hesabu hiyo huwapeleka ng'ombe juu ya miche.

Kisha huja shingo yenyewe. Zebu wetu ana nundu, na nira hukaa mbele yake. Fundi huchonga kwa tezo mahali pa kukalia, akipafanya papana ili mzigo usambae, halafu husugua kwa msasa hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa, kwani kingo kali huleta kidonda, na ng'ombe mwenye kidonda havuti. Mti wenyewe lazima uwe mgumu usivunjike, lakini mwepesi usimchoshe mnyama.

Ninachokistaajabia zaidi ni ile pete ya katikati, unapofungwa mnyororo. Ng'ombe aliye karibu na pete hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Basi mkulima mwenye maksai mmoja mchanga hutobolewa tundu la pili, pete ikasogezwa kidogo upande wa yule mwenye nguvu. Tundu moja la keekee, na dhaifu amepunguziwa kazi. Huo ni ubunifu kamili: kujua tatizo, kujua nguvu inavyokwenda, na kulitatua kwa gharama ndogo.

Elimu ya fundi wa namna hii hupatikana kwa kukaa na mkubwa wake miaka, akishika kazi ndogo kabla ya kubwa. Uzoefu wake hukaguliwa kila msimu, mkulima anaporudi kulalamika au kuagiza nyingine. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, unaompima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Mafundi wa nira nao wafikiwe na utaratibu huo.

Nawe unayesomea ubunifu, ukitafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, usidharau karakana ya namna hii. Nenda na futi yako, pima shingo, pima mistari, kisha umsikilize mkulima kabla hujachora chochote.