Mkono Usiotibua

Mrija ni mdogo, wa plastiki angavu, wenye ncha iliyochongoka chini. Mtaalamu wa maabara huanza kwa kumimina kimiminika kizito. Juu yake huongeza kingine kilicho chepesi zaidi, polepole, mdomo wa pipeti ukigusa ukuta wa mrija ili tabaka la pili lijitandaze juu ya la kwanza bila kuchanganyika nalo. Akiipatia, unauona mstari mwembamba pale viwili hivyo vinapokutana. Akiharakisha, mstari hauonekani na kazi imeharibika kabla haijaanza. Juu ya matabaka hayo ndipo anapoyalaza manii ya mwanamume anayeishi na virusi vya Ukimwi, ambaye mkewe hana, na wote wawili wanataka mtoto.

Kazi hii huitwa kusafisha mbegu. Daktari mmoja wa Milano, Augusto Enrico Semprini, aliianza kwa ajili ya wenza wa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Tukumbuke kipindi chenyewe. Dawa zilikuwa haba na nguvu zake zilikuwa ndogo. Wenza wenye majibu tofauti waliambiwa watumie kondomu maisha yao yote na hamu ya mtoto waizike. Madaktari wengi waliona hata kuwasikiliza ni kushiriki hatari. Semprini aliwasikiliza, kisha akajiuliza swali la kifundi: ndani ya manii, virusi vinakaa wapi hasa?

Manii si kitu kimoja. Kuna majimaji, kuna chembe mbalimbali zikiwemo chembe nyeupe za damu, na kuna mbegu zenyewe, ambazo kwa ujazo ni sehemu ndogo sana. Virusi huelea kwenye majimaji na hujificha ndani ya chembe nyeupe. Mbegu iliyokomaa haina ule mlango ambao virusi huutumia kwa kawaida kuingia kwenye chembe nyeupe, yaani kipokezi cha CD4. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuua chochote. Dawa ya kuua virusi ingeziua na mbegu. Ilitosha kuzitenga mbegu na vitu vilivyozizunguka, na kuzitenga kikamilifu.

Mrija huingizwa kwenye mashine ya kuzungusha, kwa nguvu ya mara 300 hivi ya uvutano wa dunia, kwa muda wa dakika ishirini au zaidi kidogo. Mbegu iliyokomaa ina kichwa kilichoshindiliwa vinasaba kwa msongamano mkubwa, kwa hiyo ni nzito kuliko umbo lake linavyodokeza. Hupenya tabaka la kwanza, hupenya la pili, na kutulia kwenye ncha ya mrija. Chembe nyeupe, mbegu zilizokufa na zile changa hukwama njiani, hasa kwenye ule mstari. Majimaji hubaki juu kabisa.

Sasa ndipo mkono unapojulikana. Kila kilicho juu lazima kiondolewe, kuanzia juu kwenda chini, bila kukiacha kitelemke kuta za mrija hadi kwenye punje ile ndogo ya mbegu. Waliokulia vijijini wanawajua watu wanaoweza kuteka maji kwenye kisima kilichokaribia kukauka bila kutibua tope. Ni ujuzi wa namna hiyo, ila hapa tope halionekani kwa macho. Mtaalamu hubadilisha pipeti, huinyonya punje na kuihamishia kwenye mrija mwingine ambao haujawahi kuguswa na manii. Huiosha kwa maji ya virutubisho, huizungusha tena, na mara nyingi hurudia.

Hata hapo hajamaliza. Huweka juu ya mbegu hizo maji mapya ya virutubisho, kisha huuacha mrija kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kwa nusu saa mpaka saa nzima. Mbegu zenye uhai huogelea kupanda juu. Chembe nyeupe yoyote iliyoponyoka hatua za kwanza haina mkia wa kuogelea, hivyo hubaki chini. Uzito ulichuja mara ya kwanza, mwendo unachuja mara ya pili, na fundi kazi yake ni kungoja.

Baada ya kungoja huja jambo ninalolistahi kuliko yote. Fundi hachukui maji yote. Huchukua sehemu ya juu tu, na kuziacha mbegu nyingi nzuri zilizokuwa bado zinapanda. Kishawishi cha kuchukua zaidi ni kikubwa, kwa sababu upandikizaji unahitaji idadi, na mwanamume mwenyewe huenda hana mbegu nyingi. Lakini tone moja lililotekwa kutoka chini mno linaweza kurudisha kile alichokitenga kwa saa mbili. Anayeijua kazi hii hukubali kupoteza kilicho chema ili asiguse kibaya. Nimewasoma na kuwasikia wengi wakiisifu teknolojia ya uzazi kwa kile inachoweza kukipata. Sijawasikia vya kutosha wakiisifu kwa kile inachojua kukiacha.

Sehemu ya mbegu zilizopatikana hupelekwa kwenye kipimo cha PCR kutafuta vinasaba vya virusi. Vikionekana, sampuli nzima hutupwa na wenza hurudi kuanza upya. Maabara nyingine hupima na kutumia siku ileile; nyingine hugandisha mbegu kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikisubiri majibu, ingawa kugandisha huua mbegu nyingi. Nalo tangi la kugandishia lina habari yake. Mwaka 1995 madaktari wa London walieleza jinsi wagonjwa walivyoambukizwa homa ya ini aina ya B kupitia tangi lililohifadhi uboho uliovuja. Tangu hapo maabara makini hutenga matangi ya watu wenye maambukizi, hutumia mirija iliyofungwa kabisa, na hutenga hata muda wa kufanyia kazi sampuli zao, iwe ni VVU, homa ya ini B au C.

Kazi hii haikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1990 taasisi ya CDC ya Marekani ilitangaza habari ya mwanamke aliyeambukizwa baada ya kupandikizwa mbegu zilizosafishwa za mumewe, mgonjwa wa hemofilia. Ikashauri utaratibu huo usitumike. Semprini hakuacha, na mwaka 1992 alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wanawake 29; hakuna aliyeambukizwa. Vituo vya Ulaya viliungana vikakusanya kumbukumbu za wenza 1,036 na mizunguko 3,390 ya matibabu, na mwaka 2007 vikatoa jibu lilelile. Mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti 40 ulihesabu wanawake karibu 4,000 na mizunguko 11,585 iliyotumia mbegu zilizosafishwa. Waliopata maambukizi: sifuri. Sifuri hiyo ilijengwa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jarida lolote.

Mafundi wenyewe hawakukubaliana juu ya kila jambo. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilichagua kudunga mbegu moja ndani ya yai moja, kwa hoja kwamba mbegu moja ina hatari ndogo kuliko mamilioni. Milano walishikilia kupandikiza mbegu kwenye mji wa mimba kwa mpira mwembamba, siku yai linapopevuka. Mimi nawaelemea wa Milano. Njia yao ni nafuu, na haimdungi mwanamke mwenye afya sindano za homoni kwa siku nyingi wala kumtoboa ili kuvuna mayai. Mbegu zikiwa chache mno, hapo njia ya New York haina mbadala.

Kwetu Afrika Mashariki maabara za namna hii ni chache na gharama yake wengi hawaimudu. Lakini kama mke ndiye mwenye virusi na mume hana, kusafisha mbegu hakuhitajiki kabisa. Katika eneo la Kisumu, Kenya, watafiti na wahudumu wa afya walifanya kazi na wenza wa aina hii juu ya njia ambayo vifaa vyake vinaenea mfukoni: mume anakusanya manii kwenye kikombe safi au kondomu isiyo na dawa ya kuua mbegu, kisha manii yanaingizwa ukeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nyumbani kwao, siku za rutuba. Ugumu wote uko kwenye hizo siku. Nesi anapaswa kumfundisha mama kuhesabu mzunguko wake, kuutambua ute unaovutika kama ute wa yai bichi, na kutokata tamaa mwezi ukipita bure. Kwangu mimi nesi huyo yuko daraja moja na mtaalamu wa pipeti.

Leo wengi hawahitaji mrija wala bomba. Mwaka 2008 wataalamu wa Uswisi walitamka hadharani kwamba anayetumia dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye damu haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa 2016 na 2019, haukupata hata ambukizo moja kati ya wenza wa namna hiyo. Kwa mume na mke wanaotaka mtoto, maana yake ni kumeza dawa kila siku, kusubiri kipimo kithibitishe kwamba virusi vimefubaa, kisha kutafuta mtoto kama watu wengine. Homa ya ini C nayo sasa hutibiwa ikapona kwa wiki 8 hadi 12, na B ina chanjo ya mwenza na ya mtoto anapozaliwa. Kusafisha kumebaki kwa ajili ya wale wenye tatizo jingine la uzazi, au ambao dawa bado hazijavifubaza virusi vyao.

Hata hivyo, tusiipime kazi hii kwa dawa zilizokuja baadaye. Tiba ya dawa za pamoja ilianza kuenea mwaka 1996. Watoto wa kwanza wa Milano walikuwa wamekwisha kuzaliwa, na mama zao hawakuwa na virusi, katika miaka ambayo baba aliyeambukizwa hakuwa na uhakika wa kumwona mwanawe akianza shule. Wazazi hao hawakuwa na miaka ya kungoja.