Tasnifu Iliyokanyaga Bwera

Nikikabidhiwa tasnifu ya uongozi wa elimu, siianzii mwanzoni. Naruka shukrani, naruka nadharia, naenda moja kwa moja pale mzazi anaponukuliwa. Kama utafiti ulifanyika Bwera, magharibi mwa Uganda, na mzazi huyo analima kahawa huko juu milimani, halafu maneno yake yananijia kwa Kiingereza kilichonyooka kama cha kitabu, naingiwa na shaka. Mzazi huyo alizungumza Kikonzo, au Kiswahili cha mpakani kinachokaribiana na cha Kongo. Nani aliyafasiri maneno yake? Nani aliyapitia tena kuhakikisha maana haikupotea njiani? Mtafiti mwaminifu anakueleza bila kuulizwa: mahojiano yalikuwa kwa Kikonzo, mtu fulani akayafasiri, mwingine akayarudisha Kikonzo ili kulinganisha, na neno hili moja lilikataa kuhama, likaachwa lilivyo. Aya hiyo moja hunionyesha mkono wa fundi kuliko kurasa thelathini za nadharia.

Nasema haya kwa sababu walimu wa Kasese na Bwera wanaotaka kusomea udaktari wa uongozi wakiwa nyumbani kwao wananijia wakiuliza programu ipi ni nzuri. Swali ni la haki. Kwenda Kampala ni safari ya kutwa kwenye basi, na mkuu wa shule hawezi kuiacha shule yake miaka minne. Uganda ilifunga shule zake Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na katika miezi hiyo wengi tulizoea kusoma na kufundisha kupitia skrini. Wala kusoma kwa mbali si jambo geni: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa 1992. Kwa hiyo umbali peke yake si kasoro. Anayekuambia shahada ya mtandaoni ni dhaifu kwa kuwa ni ya mtandaoni, hajazisoma tasnifu zenyewe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii usemi huo unasadifu kabisa. Programu inayokupigia simu kila siku, inayokupunguzia karo ukilipa kabla ya Ijumaa, inayokuahidi udaktari ndani ya miezi kumi na minane kwa kuhesabu "uzoefu wako wa kazi", iache. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo, tena ikivitungia hata mashirika ya ithibati ili vionekane halali. Kwa hiyo usitosheke na neno "kimethibitishwa". Uliza ni nani aliyekithibitisha, kisha mtafute huyo naye. Kwa vyuo vya Marekani, Wizara ya Elimu ya huko ina orodha ya wazi ya vyuo vyenye ithibati. Kwa vya hapa nyumbani, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ndilo lenye kauli, na halitazami chuo tu bali programu yenyewe. Shahada ya nje nayo baraza hilo hupima usawa wake. Fanya hayo kabla ya kulipa shilingi moja, maana ukishalipa moyo hauko tayari kusikia habari mbaya.

Uliza pia ni shahada gani hasa unayoisomea. PhD na EdD si ndugu mapacha. EdD, yaani udaktari wa elimu, ambayo Harvard ilianza kuitoa miaka ya 1920, ilikusudiwa mtu anayeendesha shule au ofisi ya elimu. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani viliungana kuifikiria upya, na tangu hapo tasnifu ya EdD iliyo nzuri huanzia kwenye tatizo la kazini: kwa nini walimu wapya hawadumu katika shule hii, kwa nini kamati ya shule haikutani. Kwa mkuu wa shule wa Bwera mimi naipendelea hiyo, mradi tatizo liwe lake kweli. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, na atafute PhD.

Sura ya tatu, ile ya mbinu, ndiyo inayoumbua wengi. Tasnifu nyingi za Uganda hutumia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 kupata ukubwa wa sampuli: watu 200, chukua 132. Hakuna ubaya. Lakini nikikuta hojaji 132 zimegawiwa, na zote 132 zimerudi zimejazwa sawasawa, naiweka kalamu chini. Aliyewahi kugawa hojaji huku anajua kuna mwalimu aliyekwenda soko la Mpondwe, kuna aliyehamishwa katikati ya muhula, kuna aliyejaza ukurasa wa kwanza tu akachoka. Tasnifu njema inaonyesha majeraha yake. Inasema zilirudi 109, na inakuambia ni shule zipi zilizokosekana na pengo hilo linayagusaje majibu.

Kisha soma hojaji yenyewe, imo kwenye viambatisho nyuma kabisa. Nadharia ya uongozi wa mageuzi ilitoka kwa Burns mwaka 1978 na ikakuzwa na Bass mwaka 1985; maswali yake yamesafiri dunia nzima, na ndipo hatari ilipo. Nimeona hojaji ikimuuliza mwalimu wa huku kuhusu mamlaka ya bodi ya elimu ya mji, kana kwamba yuko Ohio. Hapa shule ya msingi ina kamati ya usimamizi, sekondari ina bodi, na nyuma ya zote kuna mwanzilishi: Kanisa la Uganda, Katoliki, Waadventista, au Waislamu. Mkuu wa shule ambaye mwanzilishi hamtaki hana raha, hata awe na mageuzi kiasi gani. Mtafiti asiyemgusa mwanzilishi hajaanza kuuelewa uongozi wa shule za hapa. Vivyo hivyo anayeandika juu ya mahudhurio huko Kilembe bila kuutaja mto Nyamwamba, uliofurika mwaka 2013 na tena 2020.

Kuna jambo ambalo silipunguzii neno. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Kuongoza shule mpakani sasa kunabeba huzuni hiyo, na ni haki kuitafiti. Lakini programu inayomruhusu mwanafunzi kwenda kuwahoji walionusurika kwa idhini ya barua pepe tu, haifai. Lazima pawe na kamati ya maadili iliyopitia maswali, usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na jibu la swali hili: mtoto akilia katikati ya mahojiano, nani yuko hapo kumshika? Chuo kisicho na jibu hakistahili karo yako.

Msimamizi mpime kwa maoni yake pembeni mwa rasimu. Mwombe mwanafunzi wa zamani akuonyeshe. Ukiona "vizuri", "panua hapa", "ongeza marejeo", huyo anahesabu kurasa. Ukiona "umejuaje?" na "nani angekupinga?", umepata msimamizi.

Maswali mawili ya mwisho ni madogo lakini yameangusha wengi. Darasa la saa moja jioni New York hukufikia Bwera saa nane usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tisa usiku wakati wa baridi yao: je, vipindi vinarekodiwa? Na intaneti ikizimwa nchi nzima, kama ilivyozimwa siku tano Januari 2021, tarehe za kukabidhi kazi zinasogea? Waulize kwa maandishi.

Tasnifu niliyoipenda kuliko zote za eneo hili iliandikwa na mwalimu aliyesoma usiku kwa bando la simu. Kabla ya kuitetea alimpelekea rasimu mkuu wa shule mmoja aliyekuwa amemhoji karibu na Bwera. Mama yule aliisoma siku tatu. Kwenye jedwali la pili alikata idadi ya madarasa kwa penseli, akaandika: "Mawili hayana paa." Katika nakala iliyofungwa, jedwali lina safu mpya, na chini yake imeelezwa nani aliyesahihisha.